Mausi Haijafa, Imekosa Programu Tu

Wanachuo wenzangu, nina ugomvi kidogo na sisi tunaosoma kompyuta.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Kilosa. Mwalimu mmoja tunayefahamiana, anayefundisha sekondari upande wa Mikumi, akanipigia simu: "Dogo, njoo uzitazame hizi kompyuta kabla hatujawaita watu wa skrepa." Nikapanda gari la kupitia Ulaya. Ndiyo, Ulaya ipo, kati ya Kilosa na Mikumi, na haina viza.

Nikakuta mashine nane za msaada kutoka ile Ulaya nyingine, RAM megabaiti 512 kila moja. Windows iliyokuwamo, ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji ukarudi bado inafikiria. Kwa hiyo wanafunzi walikuwa wanasomea kompyuta ubaoni: mwalimu anachora kibodi kwa chaki, wao wananakili kwenye daftari.

Nikaweka Debian ya maandishi matupu, bila madirisha. Mashine zikawaka chapuchapu, nikajiona fundi. Binti mmoja wa kidato cha pili akashika mausi, akaisukuma kushoto, akaisukuma kulia. Kimya. "Kaka, hii imekufa?" Nikamjibu kwa yale maringo yetu ya chuoni: "Huku hatutumii mausi, tunaandika amri." Akaiachia, akakunja mikono. Na wenzake wakakunja.

Usiku ndipo nilipojisuta. Mausi haikuwa imekufa. Kwenye konsoli ya Linux mausi haifanyi kitu mpaka iwepo programu ya kuisikiliza, na programu hiyo ipo miaka mingi: inaitwa gpm. Mwaka 1993 Andrew Haylett aliandika programu ndogo ya kuchagua maandishi kwenye konsoli, kisha Alessandro Rubini wa Italia akaiendeleza ikawa gpm. Wenzetu wa FreeBSD wana yao, moused. Kifurushi cha gpm hakifiki megabaiti moja. Picha moja tu ya simu yako inaweza kuwa nzito kuliko hicho.

Kazi yake ni hii. Ukibonyeza kitufe cha kushoto na kuburuta, maandishi yanashikwa. Bonyeza mara mbili, linashikwa neno zima. Mara tatu, mstari mzima. Kitufe cha kati kinabandika. Na kilicho kitamu zaidi: unakopi kwenye konsoli ya kwanza, unabonyeza Alt na F2, unapesti kwenye ya pili.

Kesho yake tukafanya hivyo. Mwalimu akaweka mifano ya amri kwenye faili, wanafunzi wakaisoma konsoli ya kwanza, wakaibandika ya pili, wakaanza kuibadilisha wenyewe. Yule binti, aliyekuwa anahangaika kutafuta alama ya mkwaju kwenye kibodi iliyofutika herufi, ndiye aliyeanza kuwaelekeza wenzake. Nikawafungulia Midnight Commander, ambayo nayo inaisikia mausi kupitia gpm, wakaingia kwenye mafaili kwa kubofya.

Najua mabingwa mtasema nini. Kwamba screen na tmux zinakopi bila mausi. Kweli. Kwamba anayetumia mausi kwenye konsoli hatazoea kibodi. Hapo nakataa. Mtoto aliyepata kompyuta nusu saa kwa wiki anahitaji kitu kimoja anachokielewa ili apate ujasiri wa kugusa vingine. Ukimnyang'anya hicho siku ya kwanza, umemrudisha ubaoni. Wengi wetu hapa tulianza kwa kubofya, mpaka leo tunabofya, halafu tunawapa wengine masharti magumu kuliko tuliyopewa sisi.

Sidanganyi kwamba konsoli itaziba pengo la Excel. Haitaziba, na shule zile bado zinastahili mashine mpya. Tena gpm ina tahadhari yake: kilichokopiwa na mtu mmoja kinaweza kubandikwa na anayekaa baada yake, hivyo kwenye mashine ya watu wengi usikopi nywila, na usipesti amri usiyoijua, hasa ukiwa root. Lakini kati ya mashine nane zinazofanya kazi kiasi na mashine nane kwenye mzani wa skrepa, mimi sioni mjadala.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa klabu ya kompyuta na serikali yetu ya wanafunzi. Kabla ya kufunga chuo, kila anayekwenda field au nyumbani abebe flashi moja yenye Debian na vifurushi vya gpm, maana kule bando ni la kujipinda. Apite shule iliyo karibu na kwao, aulize kama kuna kompyuta zilizofunikwa vitambaa. Zipo.

Na ukifika, mtoto akikuuliza kama mausi imekufa, usimjibu kama nilivyomjibu mimi.