Staa wetu, huyo kinyonga hajidai, ana kiu

Leo stori za nani kaachana na nani naziweka pembeni, maana kuna kitu kimenikaa rohoni tangu Ijumaa.

Mmeiona ile video ya staa wetu mmoja wa Dar, jina naliweka kapuni. Kapewa kinyonga kama zawadi. Kamuweka juu ya kucha zake nyekundu anamsubiri abadilike awe mwekundu, hajabadilika. Kamuwekea kipande cha tikiti na chipsi, hajala. Dada akacheka, akaandika "anajidai kuliko mimi". Laiki zikashuka kama mvua. Kwenye komenti ni vicheko tu, na kuna mmoja kashauri apewe ndizi.

Mi sikucheka. Niliisimamisha video nikamkuza kinyonga peke yake. Rangi yake ni nyeusi nyeusi na macho yamezama ndani. Kinyonga mzima macho yake yanatokeza nje, kila moja linazunguka kivyake. Yakizama ujue kakaukiwa na maji. Huyo hajidai hata kidogo.

Najuaje? Kwa sababu wangu alikufa, na mimi ndiye niliyemuua.

Mwaka jana, mvua za mwezi wa kumi na mbili, madogo wa mtaani kwetu hapa Kahama walimkuta anavuka barabara wakaniletea. Nikawapa buku tatu. Alikuwa wa kijani, mnene, ana vile vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa kama masikio yaliyokunjwa. Ndiye yule wa kawaida tunayemuona huku kwetu. Nikamtia kwenye ndoo ya rangi, nikaiweka chumbani. Chumba cha kupanga, juu bati tupu, na Kahama saa nane mchana mnaijua. Nikamwekea kisahani cha maji, mchicha na ugali (msinicheke). Kila jioni namtoa, namwasha na taa ya simu usoni, narekodi. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Mwanangu, toa huo uchawi wako humu, au utoke nao." Video moja ikawa imeshafika watazamaji elfu 40 na kitu, kwa hiyo nikamuona mama mshamba.

Usiku wa nane akaanza kukwaruza chini ya ndoo. Anakwaruza, anapumzika, anakwaruza tena. Nikarekodi na hiyo, nikaiwekea singeli. Siku ya kumi nikamkuta amelala ubavu. Tumbo lilikuwa na vinundu vinundu. Kuna kaka mmoja kasomea mambo ya mifugo, akampasua pale pale uani: mayai. Yamejaa kama maharage kwenye mfuko.

Alikuwa anatafuta udongo achimbe atage. Kinyonga wetu huyu maisha yake ni juu ya mti. Ukimkuta jike mnene anatembea chini kipindi cha mvua, mara nyingi yuko kwenye safari hiyo, na asipopata udongo wa kuchimba mayai yanaweza kumuua. Sisi tunamuona wa bure, tunambeba. Kile kukwaruza ndicho nilichokiwekea muziki.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, mtanitukana sawa: kinyonga siyo mnyama wa kufugia kamera. Kama huwezi kukaa naye wiki mbili bila kumposti, usimchukue kabisa. Najua kuna mtu atasema "sasa mbona unatufundisha kufuga?" Nafundisha kwa sababu kuna walioko kwenye ndoo sasa hivi ninavyoandika, na hao hawawezi kusubiri tumalize kubishana.

Kwanza kabisa, muache. Akifika mahali pageni, kula ndicho kitu cha mwisho anachokiwaza. Anatafuta pa kujificha. Sasa wewe umemuweka mezani peupe, watu sita wamemzunguka, mkono unatoka juu unamfuata. Porini kinachomjia kutoka juu ni ndege anayetaka kumla. Na akipanda mkononi kwako usijisifu kwamba kakupenda, yeye akikuta kitu cha kupanda anapanda tu.

Mpe mti. Mche wa mpera au mwembe kwenye ndoo ya udongo, majani mengi, uuweke juu ya meza ili yeye awe usawa wa macho yako au zaidi. Zungushia wavu wa madirishani. Chandarua cha kulalia chenye dawa usitumie, ile dawa inaua wadudu, yaani chakula chake. Matawi ya mnyaa pia usithubutu, ule utomvu unachoma macho ya mtu mzima, sembuse yake. Apate jua la asubuhi, na kivuli cha kukimbilia jua likipanda. Akiwa mweusi asubuhi kwenye jua anajipasha joto, hiyo sawa. Akiwa mweusi mbele ya simu yako mchana kutwa, ana hofu au anaumwa. Rangi zake ni za joto, hofu, hasira na kutongozana. Kucha zako hazimhusu.

Maji sasa, maana hapa ndipo wengi tunaua. Maji yaliyotulia kwenye kisahani wengi wao hawayatambui kama maji. Kinyonga anakunywa matone kwenye majani, kama ya umande au mvua. Chukua chupa ya kupulizia kama zile za saluni, mpya, isiwe iliyowahi kuwa na dawa yoyote, upulizie majani asubuhi na jioni taratibu mpaka yadondoke. Huna hela ya chupa? Toboa kitundu cha sindano kwenye chupa ya maji, itundike juu ya mti idondoshe tone tone. Ukimuona anatoa ulimi kulamba majani, kaa mbali, muache amalize. Anaweza kuchukua muda mrefu kuliko unavyodhani.

Chakula ni mdudu aliye hai, anayetembea. Mchicha hautembei, chipsi ndiyo kabisa. Panzi, nyenje, nzi, kumbikumbi wakitoka. (Senene nao anakula, ila kwa bei ya senene hapa mjini bora ule mwenyewe.) Mdudu asizidi upana wa kichwa chake. Panzi msiwaokote kwenye mashamba ya pamba au bustani za kabichi, huko watu wanapulizia dawa na sumu yote inaishia kwa kinyonga. Wachukue kwenye majani ya porini, uwalishe mchicha siku moja kabla. Hapo ndipo ule mchicha wako unamfikia, kwa mlango wa nyuma. Weka panzi mmoja tawini, ondoka. Usichungulie. Ukirudi baada ya saa moja na panzi hayupo, mambo yameanza. Mkubwa akila siku moja na kupumzika siku moja anatosheka. Nyenje wasiolika watoe jioni, usiku wanaweza kumng'ata akiwa amelala.

Asipokula siku mbili tatu za mwanzo usimpanue mdomo umlazimishe. Akiwa anakunywa, mpe muda.

Na kuna la sheria, mastaa wetu wanalipitia mbali. Kumkamata mnyamapori kunahitaji kibali, hiyo ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kinyonga ni mnyamapori hata kama umemuokota nyuma ya choo. Nchi yetu ni kati ya zenye aina nyingi za vinyonga duniani, na kwa miaka mingi walikuwa wanapakiwa kwenda kuuzwa Ulaya na Marekani kama wa kufuga. Mwaka 2016 Serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai. Mwaka 2022 ikatangazwa ruhusa ya miezi sita, watu wakapiga kelele, ikasitishwa haraka. Zile kelele tulizipiga sisi sisi mitandaoni. Leo staa anamuweka kwenye kucha, sisi tunamwaga vicheko.

Shida ni kwamba video inafika mbali. Jumapili wale madogo wamegonga mlango wangu tena, wana wawili kwenye mfuko wa rambo. "Bro, siku hizi wako juu, buku tano." Bei imepanda ndani ya siku mbili! Mmoja ni jike, tumbo hivi. Nikawapa buku mbili, siyo ya kununua, ni ya kunionyesha walikowatoa. Tukaenda, kuna vichaka nyuma ya uwanja wanakochezea. Dume tukampandisha kwenye mchongoma. Jike tukamuweka chini penye udongo laini, akakaa kama dakika tano hatikisiki, halafu akaanza kutembea ule mwendo wake wa kusitasita. Dogo mmoja akatoa simu. Nikamwambia iweke mfukoni.

Dada, kama kuna mtu wako anakusomea hii: huyo wako sijui katolewa wapi. Wa milimani hawezi joto la Dar, kwa hiyo usimwachie tu uani. Piga simu kwa TAWA au afisa wanyamapori wa halmashauri yako, watajua pa kumpeleka. Ila kabla hujapiga, mtoe kwenye hizo kucha, muweke kwenye mti wowote wenye majani, upulizie maji sasa hivi. Usimfuate na kamera. Yale macho ya Ijumaa hayakuwa na siku nyingi.