Mikono Minene Haijengwi kwa Siku Moja
Kijana atakaye mikono minene mara nyingi hukimbilia vyuma vizito, akavinyanyua kila siku mpaka viungo vikamwuma, na mshahara wake akaumaliza kwa unga wa mkebe. Mwishowe hukata tamaa.

Yafaa ifahamike kwamba musuli wa mbele, ule auonyeshao kwa wenziwe, ni mdogo kuliko wa nyuma, ambao ni zaidi ya nusu ya nyama ya mkono wa juu. Basi kukunja kiwiko peke yake hakutoshi. Sharti pia asukume chuma juu ya kichwa. Achague uzito awezao kuuinua polepole mara 8 hadi 12, na ukiwa mwepesi auongeze kidogo. Kisha mikono ipumzike siku moja au mbili, kwani musuli hukua katika mapumziko.

La mwisho ni chakula. Mnyanyua vyuma wa kilo 70 humfaa kupata kadiri ya grami 110 za protini kwa siku, nazo zapatikana katika maharagwe, omena, mayai na maziwa. Anyanyuaye bila kupata protini ya kutosha hupunguza faida ya mazoezi yake. Haba na haba hujaza kibaba.