Binti, Jina Lako Limo Sajilini?

Wakenya wenzangu, kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, tume ya IEBC ilitangaza kwamba waliosajiliwa kupiga kura ni 22,120,458, na kwamba vijana walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 5 tangu 2017. Tulilalamika sana kuwa vijana wameipa siasa kisogo. Ila tume ilitaja na jambo jingine, nalo likapita kimya: vijana wa kiume walipungua kwa asilimia 2.89, wa kike kwa asilimia 7.75.

Sikubali kwamba mabinti hawajali. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipopingwa, walikuwa barabarani wakivuta moshi wa vitoza machozi sawa na kaka zao. Wanaokosekana sajilini wanazuiwa na mambo ya nyumbani. Msichana wa kazi hapati ruhusa siku ambayo ofisi ziko wazi. Aliyeolewa mbali, jina lake limebaki kituo cha kwao, na nauli ya kurudi kupiga kura hana. Mwingine hajapata hata kitambulisho, kwa kuwa stakabadhi za mzazi anazodaiwa ziko kwa baba asiyesemezana na mama.

Hasara yake tunaiona. Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutekeleza sharti hilo. Bunge halikuvunjwa, na sheria hiyo bado hatuna. Mbunge atamwogopaje mtu ambaye hawezi kumnyima kura?

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na kazi ni ya sasa. Mwenye kuajiri msichana wa kazi, mpe siku nzima katikati ya wiki, bila kumkata mshahara. Baba, toa hizo stakabadhi. Ugomvi wenu usimkoseshe mtoto kitambulisho. Akina mama, chama kikikutana ulizeni kila binti kama amejisajili, na asiye na nauli mchangieni. Kijana, ukienda kujisajili usimwache dada yako na mtoto mgongoni: mshikie mtoto, muende wote.

Nawe binti uliyehama, sheria inakuruhusu kuhamishia kura yako unakoishi. Chukua kitambulisho chako, nenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge unaloishi wiki hii, na umpitie mwenzako njiani.