Maziwa Yetu Yapimwe Mbele Yetu



Sisi wa Kianyaga twafanya kazi mbali kwenye reli, na nyumbani wake zetu hukamua ng'ombe. Mshahara ukiisha kabla ya mwezi kuisha, maziwa ndiyo hulipa karo. Kwa hiyo tuna neno juu ya maziwa yanayorudishwa.

Kituoni mpokeaji hutia maziwa kidogo katika chupa, akaongeza spiriti kiasi kilekile. Yakigandamana husema, "Yamechacha," na mama hurudi na mtungi wake. Basi, siku hiyo hana kitu.

Uchachu huo ni nini? Ni asidi ya maziwa. Vijidudu hula sukari iliyomo, wakaigeuza kuwa asidi. Mtaalamu Scheele aliitoa katika maziwa machachu mwaka 1780. Wenye viwanda huinunua: hutumika kuondoa chokaa katika ngozi, kutia vyakula uchachu, na siku hizi kufanya plastiki. Si uchafu, ni kitu chenye kazi yake, na mala tunayokunywa ni kazi yake vilevile.

Lakini spiriti haipimi asidi peke yake. Maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi, au mwenye ugonjwa wa kiwele, yaweza kuganda hata kama hayajachacha. Kipimo cha asidi ni kingine. Hutiwa matone ya dawa iitwayo fenolifthalini, kisha maji ya soda kali, tone kwa tone, mpaka rangi ya waridi itokee na kukaa. Kadiri ya soda iliyotumika huonyesha asidi. Maziwa mazima huwa kama 0.14 hadi 0.18 kwa mia.

Katika reli, gurudumu likigongwa likatoa sauti mbaya, halitupwi palepale. Fundi huleta kipimo. Mbona maziwa ya mama yahukumiwe kwa kugongwa mara moja?

Hatuombi maziwa mabaya yapokewe, maana watoto wa mjini ni watoto wetu pia. Twataka mambo mawili: maziwa yaliyokataliwa na spiriti yapimwe asidi mbele ya mwenyewe, na hesabu iandikwe katika kadi yake. Ikiwa yamechacha, tutajua tuharakishe asubuhi na kuosha vyombo. Ikiwa ni kiwele, tutamwita daktari wa mifugo.

Ndugu mlio wanachama wa ushirika, semeni hayo katika mkutano wa mwaka. Anayenyamaza hurudi na mtungi wake.