Benki Kuu ya Marekani na Bei za Hisa

Tarehe 1 Desemba, 2025, Benki Kuu ya Marekani ilikomesha kazi iliyoianza mwezi wa Juni, 2022: kuipunguza mizania yake, yaani hesabu ya mali na madeni yake. Katika miaka hiyo mitatu na nusu mali hiyo ilishuka kutoka karibu dola trilioni 9 hadi trilioni 6.5 hivi. Habari hiyo ilipita kimya mitaani kwetu, wala hatushangai. Mtu mwenye hisa zake mia mbili hana nafasi ya kusoma mahesabu ya Washington. Hata hivyo, muda wote huo ilikuwa rahisi kumwambia kwamba hisa zake zimeanguka kwa kuwa Wamarekani wanavuta fedha zao. Sisi tunaona kwamba maelezo hayo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyofichwa ndiyo yenye kumhusu zaidi.

Kwanza ifahamike kazi yenyewe. Benki Kuu inaponunua hati za dhamana za Serikali, hulipa kwa fedha inazoziunda kwa kuandika tu katika vitabu vyake, na fedha hizo huingia katika akiba za mabenki. Aliyeuza hati hubaki na fedha mkononi, na riba ikiwa ndogo huzipeleka kwenye hisa. Wakati wa kupunguza, kwa kawaida Benki haizitoi hati zake sokoni. Huzingoja ziive, ikapokea malipo, na fedha hizo isizirudishe kwa kununua nyingine. Hapo Serikali hulazimika kuwauzia watu wengine hati mpya, na fedha za watu hao ndizo ambazo zingaliweza kununua hisa. Kwa nini mtu ahangaike na hisa iwapo hati ya Serikali inampa riba nzuri bila hofu? Wanunuzi wakipungua, bei anayoitaka muuzaji na ile anayoitoa mnunuzi huachana, na agizo moja kubwa la kuuza latosha kuliyumbisha soko zima.

Hayo ndiyo nadharia. Mambo yalivyotokea ni magumu zaidi. Benki hiyo ilikwisha kujaribu kupunguza tangu Oktoba, 2017. Tarehe 19 Desemba, 2018, Mwenyekiti wake wa wakati huo, Bw. Jerome Powell, aliashiria kwamba kazi hiyo itaendelea tu kama chombo kinachojiendesha chenyewe. Soko la New York likaingiwa na hofu, na kufikia mkesha wa Krismasi kipimo cha S&P 500 kilikuwa kimeshuka karibu asilimia 20 tangu Septemba. Tarehe 4 Januari, 2019, alilegeza maneno yake, na bei zikapanda siku ile ile. Kiasi kilichokuwa kikipunguzwa kilikuwa bado ni kile kile. Kisha mwezi wa Septemba, 2019, wakati kazi yenyewe ilikwisha simamishwa, mabenki yalijikuta na akiba haba, na riba ya mikopo ya usiku mmoja ikaruka hadi asilimia 10 katika baadhi ya mikataba.

Safari ya pili, kikomo cha kupunguza kilifikia dola bilioni 95 kwa mwezi. Mwaka 2022 S&P 500 ilianguka kwa asilimia 19 hivi, ingawa lazima tukumbuke kwamba mwaka huo huo riba ya Benki Kuu ilipandishwa kutoka karibu na sifuri hadi kupita asilimia 4. Lakini mwaka 2023, na tena mwaka 2024, kipimo hicho kilipanda kwa zaidi ya asilimia 20, na upunguzaji ukiendelea! Sababu moja kubwa ni kwamba mifuko ya uwekezaji ilikuwa imelaza zaidi ya dola trilioni 2 kila usiku katika Benki Kuu yenyewe, na fedha hizo za ziada ndizo zilizotangulia kutoka. Ilikuwa kama kuteka maji katika pipa la uani huku mtungi wa jikoni ukibaki umejaa. Pipa lilipokauka mwaka 2025, riba za usiku mmoja zikaanza kupanda, na Benki ikasimama.

Sasa tuitazame Nairobi, ambako wageni hufanya sehemu kubwa ya biashara ya hisa. Hisa ya Safaricom, iliyopita shilingi 40 mwaka 2021, ilikuwa chini ya shilingi 15 mwishoni mwa 2023. Wageni waliuza, ni kweli, na riba ya Marekani iliwavuta. Lakini walikuwa pia wakiutazama mkopo wa dola bilioni 2, uliochukuliwa mwaka 2014 kwa riba ya asilimia 6.875, ambao ulipaswa kulipwa Juni, 2024. Januari ya mwaka huo dola moja ilifikia shilingi 160 hivi. Februari, Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 nyingine kwa riba ya asilimia 9.75 ili kuupunguza mzigo ule. Shilingi ikapata nguvu, na soko la hisa likainuka, ilhali Washington ilikuwa ingali inapunguza kama kawaida. Kilichobadilika ni deni letu.

Aliyeuza hisa zake kwa hasara mwishoni mwa 2023 kwa kuambiwa kwamba ni mambo ya Wamarekani, alistahili kuambiwa pia habari za deni hilo. Mkopo wa Februari, 2024, ulipangwa kuanza kurejeshwa mwaka 2029. Tungependa Hazina iwaeleze wananchi mapema dola hizo zitatoka wapi, kabla vidole havijaanza tena kunyoshewa Washington.