Mzani Mlangoni pa Kanisa

Jumapili moja baada ya ibada nilimshika mkono mama mmoja wa kwaya, nikamwambia, "Mama, umenawiri kweli!" Miezi michache baadaye alikuja ofisini na pakiti ya vidonge vya kunenepesha, alivyonunua Kariakoo kwa muuzaji aliyetandaza bidhaa chini. (Ameniruhusu kulisimulia hili.) Hospitali walimwambia ni steroidi. Uso niliousifu ulikuwa umevimba, na sukari imepanda. Alivinunua kwa sababu mwaka uliotangulia, mlangoni hapo hapo, msharika mwenzetu alimuuliza, "Mbona umekonda hivyo, kuna usalama?"

Sote tunajua swali hilo linauliza nini. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, wembamba kwetu umekuwa hati ya mashtaka. Tumezika wengi, hofu hiyo naielewa. Lakini leo watu wanaishi na VVU wakiwa na afya njema kwa dawa, nasi bado tunapima wenzetu kwa macho.

Binti mnene naye hasalimiki. Anaitwa bonge mpaka kwenye darasa la kipaimara, kisha mzee mmoja anamfungulia 1 Wakorintho 6, kwamba mwili ni hekalu. Mzee, soma sura yote! Paulo pale anakemea zinaa. Habari ya kilo hana. Kama unahofia presha ya mtu, zungumza naye faraghani.

Na sisi ni watu wa Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Thamani ya watu wale ilikuwa mzigo waliobeba, na maelfu walikufa kwa maradhi na uchovu. Tunaoishi juu ya jina hilo tunawezaje kumpima mtu kama gunia la mchele?

Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, Luther anakiri kwamba Mungu ndiye aliyempa mwili na viungo vyake vyote. Tumeikariri tangu ujana. Sijaona humo sharti la umbo.

Yule mama anaacha vidonge taratibu, chini ya daktari, maana kuviacha ghafla nako ni hatari. Atapungua tena. Jumapili akipita mlangoni nitamuuliza habari za wajukuu. Nanyi wazee wa kanisa mnaosimama nami pale, muulizeni lolote, ila mwili wake muuacheni.