Rubani Aliyeshuka Kutumikia

Kila inapotajwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ya 1939 hadi 1945, marubani wa ndege za kivita husifiwa kwa idadi ya ndege walizoangusha na nishani walizovishwa. Sisi leo tunapenda kumkumbuka rubani mmoja ambaye utumishi wake angani ulikuwa mfupi, lakini deni lake kwetu ni kubwa, tuwe Iringa au Mbeya, Unguja au Pemba. Naye ni Marehemu Derek Bryceson.

Bryceson, aliyezaliwa 1922, aliingia Jeshi la Anga la Uingereza angali kijana mbichi. Baada ya miezi michache tu ya kurusha ndege za kivita, aliangushwa huko Mashariki ya Kati, akaumia vibaya hata ikadhaniwa kuwa hatatembea tena. Alijilazimisha kujifunza upya kutembea kwa mkongojo, na hakuachana nao maisha yake yote. Kama ipo nishani ya vita ambayo wananchi wetu waliiona kwa macho yao, basi ni mkongojo ule.

Wapo watakaouliza: jeshi lile si lilikuwa la mkoloni? Naam, lilikuwa la mkoloni. Tena insafu yatutaka tuseme kwamba maelfu ya vijana wa Tanganyika walipigana vita hivyo hivyo katika King's African Rifles, wakafika Habeshi, Madagaska na Burma, kisha wakarudi vijijini bila ya kuandikwa habari zao. Kumsifu rubani na kuwasahau askari hao ni dhuluma. Ndiyo maana hatumpimi Bryceson kwa vita peke yake, bali kwa alivyoishi baada ya kushuka. Si kila aliyepigania uhuru wa Ulaya aliukubali uhuru wa Mwafrika.

Yeye aliukubali. Alikuja kulima kaskazini, na katika uchaguzi wa 1958, ambapo kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, aliungwa mkono na TANU akashinda. Baadaye alikuwa Waziri, na Kilimo ni miongoni mwa wizara alizoziongoza. Mwaka 1965, wagombea walipotambulishwa kwa alama za jembe na nyumba, wapiga kura wa Dar es Salaam walimrudisha Bungeni. Mwananchi alipima kazi ya mtu, hakupima rangi yake.

Mwaka 1972 alikabidhiwa uongozi wa Hifadhi za Taifa, ikiwamo Ruaha, iliyoanzishwa 1964 kwa kumegwa kutoka Pori la Akiba la Rungwa. Katikati ya miaka ya 1970, akiwa abiria, ndege ilianguka huko huko Ruaha. Akatoka salama, akaendelea na kazi. Alifariki mwaka 1980. Hifadhi aliyoisimamia iliongezewa bonde la Usangu mwaka 2008, eneo lake likapita kilomita za mraba 20,000 katika Mikoa ya Mbeya na Iringa.

Hapa ndipo tunapotaka kusikilizwa. Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji yake Usangu, hupita katika ardhi oevu ya Ihefu na ndani ya hifadhi, kisha huingia Mtera na Kidatu, ambako umeme huzalishwa. Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Wasomaji wetu wa Visiwani wasidhani hayo ni mambo ya bara. Tangu 1980 Unguja inapata umeme wa gridi ya Taifa kwa waya uliopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Giza la majuma mengi la 2008, waya huo ulipoharibika, halijasahaulika. Waya ukiwa mzima na mto ukiwa mkavu, faida yake itakuwa ipi?

Hatusemi mkulima wa mpunga wa Usangu anyimwe maji. Naye ni mwananchi, na wali wake unaliwa hadi Visiwani. Tunasema maji yapimwe kabla ya kugawiwa. Rubani huangalia mafuta kabla ya kupaa. Iweje afisa atie saini kibali cha mfereji pasipo kujua kiasi cha maji kitakachobaki mtoni mwezi wa Oktoba?

Cheo ni amana. Aliyevunjika mwili kijanani aliitumikia nchi hii hadi mwisho kwa mkongojo. Watumishi wenye miguu mizima hawana udhuru. Waende Usangu kiangazi, wauone mto kwa macho yao, ndipo watie saini.